Ramani, waya au pampu? Pa kuanzia ukitaka kujifunza kutafiti maji ya chini ya ardhi Dodoma

Ukitaka kuiva katika kazi ya maji ya chini ya ardhi, Dodoma ni mahali pazuri pa kujifunzia, na ni pagumu vilevile. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haipiti sana milimita 600. Mito ya Kinyasungwe na Bubu hubaki mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Vijiji, shule, zahanati na sehemu kubwa ya jiji lenyewe wanategemea visima, na tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, mahitaji yamezidi kupanda.

Ugumu uko chini. Sehemu kubwa ya mkoa imekalia granaiti na nais za kale mno, mwamba ambao ukiwa mzima haushiki maji. Maji yanapatikana sehemu mbili: kwenye tabaka la juu la mwamba uliooza, na kwenye nyufa za mwamba mzima ulio chini yake. Tabaka hilo lililooza linaweza kuwa nene mita 40 hapa, na ng'ambo ya korongo likawa mita tano tu. Ndiyo maana kisima kimoja kinalisha kijiji kizima na cha jirani yake kinatoa vumbi.

Wanaoanza hukwama hapo hapo mlangoni: nijifunze kipi kwanza? Njia za uwandani ni nyingi, lakini huku kwetu tatu ndizo zinazobeba kazi. Ya kwanza ni kusoma ardhi kwa ramani, picha za setelaiti na miguu. Ya pili ni kupima ukinzani wa umeme ardhini, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme kupita, ile ambayo wateja wengi huiita tu sevei. Ya tatu ni kupima kisima kwa pampu baada ya kuchimbwa. Mtaalamu kamili anazijua zote tatu. Ila mwanafunzi mwenye muda na fedha za kuhesabu lazima achague pa kuanzia, na uchaguzi huo utaamua kazi zake za miaka ya mwanzo.

Vigezo tutakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo yale yale: swali inalojibu, vifaa na watu inaowahitaji, muda wa kuiva, mahali inapodanganya, mahali pa kuisomea, na mtu inayemfaa. Kati ya hayo, mimi naweka uzito mkubwa kwenye mahali inapodanganya. Vijana wengi hujifunza namna ya kuwasha kifaa, wasijifunze siku ambayo kifaa hicho hakiaminiki, na gharama ya kisima kikavu huangukia kwa wanakijiji waliochanga.

Kusoma ardhi: ramani, setelaiti na miguu

*Swali inalojibu.* Wapi. Ndani ya eneo la kijiji kizima, ni sehemu zipi mbili au tatu zinazostahili kupimwa kwa kifaa, na zipi za kuachana nazo mapema.

*Vifaa na watu.* Vichache. Ramani ya jiolojia ya eneo, simu yenye GPS, dira, nyundo ya jiolojia, daftari, na kompyuta ya kawaida yenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ambayo ni bure. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na za Sentinel-2 nazo ni bure. Ukizitazama unatafuta mistari: korongo lililonyooka kupita kawaida, safu ya miti ya kijani mwezi wa Septemba wakati pori lote limekauka, bonde linalokatiza vilima kwa mstari mmoja. Mistari ya aina hiyo mara nyingi ni nyufa kubwa za mwamba. Bonde la Makutupora, kusini mwa milima ya Chenene, ni darasa zuri la jambo hili, kwa sababu mipasuko mikubwa ya ardhi ndiyo iliyochangia mwamba kuoza kwa kina na maji kujikusanya pale.

Baada ya hapo unatembea. Tabia ambayo ningemshauri kila mwanafunzi aizoee ni kuzungukia visima vyote vilivyopo kabla ya kugusa kifaa chochote. Unafika, unasalimia, na ukijua kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mazungumzo yanaanza vizuri zaidi. Kisha unauliza: "Mzee, kisima hiki kilichimbwa lini?" Atakujibu, "Kabla ya Elnino." Hilo ni jibu kamili, maana linakupa 1997 au nyuma yake. "Na mwezi wa kumi maji yanakuwa wapi?" Atakuonyesha kwa kamba yake ya ndoo: fundo la huku ni masika, fundo la kule ni kiangazi. Pima urefu kati ya mafundo hayo mawili kwa futikamba, andika. Umepata kupanda na kushuka kwa maji kwa mwaka bila shilingi moja. Mama anayechota atakwambia jambo jingine ambalo hakuna ramani inayo: maji haya hayaivishi maharage, yale ya bondeni yana magadi. Weka kipimo cha chumvi kwenye ndoo yake, usome, uandike pembeni ya maneno yake.

*Muda wa kuiva.* Mrefu. QGIS utaimudu kwa wiki chache, lakini jicho la kutofautisha mpasuko wa mwamba na njia ya ng'ombe huja kwa misimu, na halina njia ya mkato.

*Inapodanganya.* Mstari kwenye picha waweza kuwa mpaka wa shamba, barabara ya zamani, au ufa uliojaa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Miti mikubwa, hasa mikuyu, huonyesha maji ya karibu, lakini ya karibu si lazima yawe mengi. Na njia hii haikwambii kina. Unaweza kuwa umesimama mahali sahihi kabisa usijue kama uchimbe mita 30 au 90.

*Pa kuisomea.* Hapa Dodoma ina bahati. Makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania yako hapa mjini, na ndiko ramani za jiolojia zinakopatikana. Chuo cha Madini kipo hapa hapa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha sayansi za dunia. Mtu asiye na nafasi chuoni anaweza kujisomea sehemu kubwa mwenyewe, mradi apate wa kumkosoa.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi mwenye muda na asiye na mtaji. Ofisa wa maji wa wilaya anayepaswa kuamua kijiji gani kifanyiwe sevei kwanza. Mtu mwenye subira ya kusikiliza watu.

Kupima ukinzani wa umeme: waya na vigingi

*Swali inalojibu.* Nini kiko chini ya nukta hii, na kwa kina gani.

Unapigilia vigingi vinne vya chuma kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje, A na B, vinapeleka umeme ardhini. Viwili vya kati, M na N, vinasoma tofauti ya volti. Kila mara unapowasogeza A na B mbali zaidi, umeme unashuka chini zaidi. Huo ndio mpangilio wa Schlumberger, unaotumika zaidi katika sevei za visima. Granaiti nzima husoma ukinzani mkubwa, mara nyingi zaidi ya ohm-mita 1,000. Mwamba uliooza wenye maji kwa kawaida huangukia kati ya 20 na 100. Vipimo vyote unaviweka kwenye mchoro wa ukinzani dhidi ya umbali wa A na B. Mchoro unaoutafuta Dodoma mara nyingi huanza juu, kwa kuwa mchanga wa usoni ni mkavu, ukashuka, kisha ukapanda tena unapogusa mwamba mzima. Ile sehemu iliyoshuka ndiyo matumaini yako.

*Vifaa na watu.* Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kifaa chenyewe ni ghali, ni cha kampuni au taasisi zaidi kuliko cha mtu binafsi, na kinahitaji watu wanne au watano: mmoja kwenye kifaa, mmoja wa kuandika, na wa kuvuta waya pande zote mbili. Kinahitaji pia nafasi. Kina unachokiona ni kama moja ya tano ya umbali wote kati ya A na B, robo kwa hesabu ya ukarimu, hivyo ukitaka kuona mita 60 lazima uwe na karibu mita 300 zilizonyooka. Juni na Julai, mashamba yakishavunwa, ni kazi nyepesi. Februari, mtama na alizeti vikiwa vimesimama, utaomba ruhusa kwa kila mwenye shamba na bado utakanyaga mazao ya mtu.

*Muda wa kuiva.* Kuendesha kifaa ni siku chache. Kutafsiri mchoro ni miaka. Programu kama IPI2Win itakupa matabaka yenye namba safi ndani ya dakika, na hapo ndipo mwanafunzi anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko wakati wote.

*Inapodanganya.* Sehemu nyingi, na hii ndiyo njia ya kuijua kasoro zake kabla ya sifa zake. Kwanza, matabaka tofauti yanaweza kutoa mchoro ule ule mmoja. Tabaka jembamba lenye ukinzani mdogo sana na tabaka nene lenye ukinzani mdogo kiasi huonekana sawasawa usoni, na programu haiwezi kukuchagulia. Pili, ukinzani mdogo haumaanishi maji matamu. Udongo wa mfinyanzi husoma chini ya 20 hata usipotoa tone, na maji ya chumvi husoma chini zaidi. Ukihamia bonde la Bahi na tafsiri uliyoizoea Kongwa, unaweza kushangilia namba ndogo zilizoletwa na chumvi. Dawa ni ile ya njia ya kwanza: pima chumvi ya visima vya jirani kabla ya kutafsiri.

Tatu ni mambo ya usoni. Mwezi wa Septemba mchanga ni mkavu kiasi kwamba kigingi hakipitishi umeme vya kutosha. Mwagia maji yenye chumvi kidogo kwenye kila kigingi na usubiri yanywewe. Bomba la chuma lililofukiwa, uzio wa waya na nyaya za umeme mkubwa huharibu vipimo. Mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi yanahitaji uangalizi wake, kwa sababu pale penye nguzo za chuma zilizounganishwa kwa waya, umeme wako utapita juu kwa juu badala ya kwenda chini. Vuta mstari wako nje ya shamba, au walau uukatize mstari wa waya badala ya kwenda nao sambamba.

*Pa kuisomea.* Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kinafundisha haidrojiolojia na uchimbaji wa visima, na vyuo vikuu vyenye jiolojia vinagusa jiofizikia. Lakini chuoni zamu yako ya kushika kifaa ni fupi kwa sababu ya wingi wa wanafunzi. Wanaoiva ni wale wanaoomba kuvuta waya kwenye timu ya watu wenye leseni. Kumbuka kwamba kufanya utafiti na uchimbaji wa maji ya chini ya ardhi kama biashara kunahitaji leseni, hivyo ujifunze chini ya mwenye nayo. Ukipata nafasi hiyo, omba kitu kimoja zaidi: ruhusa ya kurudi siku ya uchimbaji, usimame kwenye mtambo, na ulinganishe mchoro wako na vipande vya mwamba vinavyotoka kila mita. Anayefanya hivyo kwenye visima vichache anampita mbali aliyevuta waya kwenye vijiji vingi asijue kilichopatikana chini.

*Inamfaa nani.* Aliyesoma fizikia na jiolojia kidogo, anayetaka ajira kwenye kampuni za uchimbaji au ushauri, na aliye tayari kuambiwa amekosea.

Kupima kisima kwa pampu

*Swali inalojibu.* Kiasi gani, na kwa muda gani. Kisima hiki kitahimili pampu ya mkono, pampu ya sola ya shule, au mradi wa bomba wa vijiji viwili?

*Vifaa na watu.* Pampu ya kuzamisha, jenereta, kipimo cha kushusha kisimani kinacholia kinapogusa maji, saa, ndoo, na watu watatu wasiosinzia. Pampu na jenereta huwa ni za mkandarasi. Cha kwako ni kipimo na daftari.

*Muda wa kuiva.* Mfupi kuliko zote kwa upande wa kupima, na hesabu zake zinafundishika. Tuchukue mfano. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 24. Hiyo ni lita 3,000 kwa saa, yaani mita za ujazo 72 kwa siku. Umeandika kina cha maji tangu pampu iwashwe, kila dakika mwanzoni na kwa nafasi kubwa zaidi baadaye. Kati ya dakika ya 10 na dakika ya 100 maji yameshuka mita 4. Kwa njia ya Cooper na Jacob ya 1946, iliyorahisisha kazi ya Theis ya 1935, unazidisha 0.183, namba isiyobadilika ya kanuni hiyo, kwa 72, unagawa kwa 4, unapata takribani mita za mraba 3.3 kwa siku. Huo ndio uwezo wa tabaka kupitisha maji hadi kisimani. Ni mdogo, lakini kwa mwamba mgumu ni wa kawaida, na unatosha kijiji kidogo kikisukuma kwa kiasi.

Baada ya kuzima pampu usifunge vitu ukaondoka. Endelea kupima maji yanavyopanda. Vipimo vya kupanda ni safi kuliko vya kushuka, kwa sababu pampu haitingishi tena maji na jenereta haiwezi kukuharibia.

*Inapodanganya.* Muda mfupi ndio mwongo mkubwa. Kwenye nyufa, kisima kinaweza kutulia saa sita za mwanzo, kisha usiku wa manane, ufa wa juu ukishaishiwa, maji yakaporomoka ghafla. Aliyepima saa tatu na kuandika "kisima kizuri" ameuza pampu itakayoungua. Kisima cha mradi wa bomba kipimwe saa 24 au zaidi. Maji yanayotoka yapelekwe mbali kwa bomba au mfereji. Yakimwagwa mlangoni yatarudi chini na kukupa sifa zisizo za kisima.

Kuna udanganyifu wa pili ambao haumo kwenye hesabu, nao ni mwaka uliopimia. Makutupora ina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950, moja ya kumbukumbu ndefu zaidi katika maeneo ya tropiki. Utafiti uliozitumia, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya Elnino ya 1997 na 1998, kisha hushuka taratibu kwa miaka. Kwa hiyo kisima kilichopimwa baada ya masika mazito kinajieleza kwa uzuri kuliko kitakavyokuwa miaka mitano baadaye. Andika tarehe ya kipimo kwa herufi kubwa, na ushauri kijiji kiendelee kupima kina kila mwezi.

*Pa kuisomea.* Popote kinapochimbwa kisima. Visima vya miradi ya umma hupimwa kabla ya kufungwa pampu, na wakandarasi huhitaji watu wa zamu ya usiku. Ukijua kipimo cha kuongeza kasi ya pampu kwa hatua, na kile cha kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na hesabu zake, utapokelewa.

*Inamfaa nani.* Fundi sanifu, fundi wa pampu anayetaka kupanda daraja, mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, au wa mamlaka ya maji ambaye ndiye anayepaswa kuamua ukubwa wa pampu.

Jambo ambalo njia zote tatu hazilioni vizuri

Floridi. Singida na baadhi ya sehemu za Dodoma zina maji yenye floridi ya kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanabaki na meno ya kahawia maisha yao yote. Waya hauioni. Pampu haiioni. Kusoma ardhi kunaweza kukudokeza, kwa kupima visima vya jirani na kuangalia meno ya vijana waliokulia pale. Njia yoyote utakayoanza nayo, jifunze kuchukua sampuli ya maji kwa usahihi na kuipeleka maabara. Ni somo la siku chache, nami sioni sababu ya mtu yeyote kulikwepa.

Uanze na ipi, kwa hali yako

Uko chuo, mwaka wa kwanza au wa pili, huna kifaa wala mdhamini: anza na ramani na miguu. Chagua kata moja, zungukia visima vyake mwishoni mwa kiangazi na tena mwishoni mwa masika, uviweke vyote kwenye QGIS. Kazi hiyo itakufungulia mlango wa timu ya waya kwa sababu utafika na kitu mkononi.

Umemaliza jiolojia na umepata nafasi ya kujitolea kwenye kampuni yenye kifaa: shika waya sasa, maana nafasi hiyo haiji mara mbili kirahisi. Lakini usikubali kupima kijiji ambacho hujatembelea visima vyake.

Uko kwenye mtambo wa kuchimba, elimu yako ni ya ufundi: anza na pampu. Hesabu utaziweza, na daftari lenye vipimo vizuri litakutofautisha na wenzako haraka. Huku ukisubiri zamu, panga vipande vya mwamba vya kila mita kwa mstari na ujifunze kuvitambua; hiyo ni hatua yako ya kwanza kuelekea jiolojia.

Uko kwenye chombo cha watoa huduma ya maji cha kijiji na hutaki kuwa mtaalamu, unataka tu kutodanganywa: jifunze kusoma ripoti ya kipimo cha pampu. Tafuta muda wa kipimo, tarehe, kina cha maji kabla na baada, na kama kupanda kwa maji kulipimwa. Ripoti isiyo na hayo irudishe kabla hujasaini.

Una shamba la zabibu au mboga na unawaza kisima: usijifunze waya. Tembelea visima vya majirani, onja na upime maji yao, kisha mlipe mwenye leseni akupimie, na uulize ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako kuhusu kibali cha kutumia maji. Mkoa huu umegawanyika: wa upande wa Kinyasungwe wako bonde la Wami/Ruvu, wa Bubu na Bahi wako Bonde la Kati, wa kuelekea Mtera wako Rufiji. Siku mtambo ukifika, mwambie anayeusimamia kwamba unataka kipimo cha pampu kiandikwe kwenye mkataba, saa 24, na kupanda kwa maji kupimwe.